Baiskeli na Gari kwenye Lami Moja: Mwongozo wa Kupishana Salama

Siku za kazi naendesha vyombo viwili. Alfajiri natoka Mbagala, Dar es Salaam, kwa baiskeli, nafuata Barabara ya Kilwa hadi Kurasini. Nikifika naifunga baiskeli kwa mnyororo, napanda Fuso na kuanza kazi. Jioni narudi nyumbani kwa pedeli. Nikiwa juu ya Fuso, mtu wa baiskeli ni kivuli kidogo kinachopita kwenye kioo cha kushoto na kutoweka. Nikiwa kwenye baiskeli, Fuso ni ngurumo nyuma ya kisogo changu, na sina njia ya kujua kama dereva ameniona au anasoma meseji.

Watu husema ajali haina kinga. Siikubali kauli hiyo. Kila nilipokoswakoswa, kwa upande huu au ule, nikikaa baadaye nikairudia picha kichwani naona palikuwa na sekunde tatu au nne ambazo mmoja wetu alifanya jambo ambalo mwenzake asingeweza kulitegemea. Hizo sekunde ndizo ninazoziandikia hapa. Nafuata safari ilivyo, tangu getini hadi kurudi usiku, na kila mahali nasema wajibu wa aliye kwenye pedeli na wa aliye kwenye usukani. Wa usukani ni mzito zaidi, kwa sababu wakigusana ni mmoja tu anayevunjika mifupa.

Nimeandika kwa nchi tunazoendesha kushoto: Tanzania, Kenya, Uganda. Ukiwa Rwanda, Burundi au Kongo, geuza: palipo na kushoto soma kulia.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka getini

Mwenye baiskeli, anza na breki. Bana breki ya mbele kwa nguvu kisha isukume baiskeli kwenda mbele: tairi la mbele lisizunguke hata kidogo. Rudia kwa breki ya nyuma. Kama raba za breki zimeisha hadi chuma kinakwaruza rimu, usiende popote. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote wa baiskeli. Kumbuka pia kuwa breki za kubana rimu hupoteza nguvu rimu zikilowa. Siku ya mvua anza kubana mapema, kidogo kidogo, ili raba zifute maji kwanza.

Mzigo ukae kwenye keria, ufungwe kwa mpira usiolegea, na usimwagike upande mmoja. Mfuko unaoning'inia kwenye usukani huvuta gurudumu la mbele, na kamba yake inaweza kuingia kwenye spoku ukajikuta umepaa.

Kisha kuna jambo ambalo sijaona mtu akilifundisha, nalo naona ni la kwanza kwa umuhimu: kuangalia nyuma bila kuyumba. Wengi wetu tukigeuza kichwa kulia, mikono nayo inafuata, na baiskeli inaingia katikati ya barabara. Nenda kiwanja cha mpira asubuhi kabla watu hawajajaa, uendeshe juu ya mstari wa pembeni, ugeuze kichwa juu ya bega la kulia, uhesabu moja, mbili, urudishe macho mbele. Kama bado uko juu ya mstari, umefaulu. Fanya hivyo mpaka mwili uzoee. Asiyeweza kuangalia nyuma hajawa tayari kwa barabara kubwa, hata kama pumzi anazo.

Dereva, wewe angalia kioo cha kushoto. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, upande wa kushoto ndio unaoficha watu, na ndio upande ambao baiskeli hukaa. Kifute, kielekeze ili uone ubavu wa gari lako kwa sehemu ndogo na lami kwa sehemu kubwa. Kama una utingo, mpe kazi hiyo rasmi: kabla ya kukata kona ya kushoto, yeye ndiye anayekuambia pako wazi.

Hatua ya 2: Chagua sehemu yako ya lami

Baiskeli ni chombo cha usafiri. Inatembea upande wa kushoto, kuelekea magari yanakoelekea. Nasisitiza kwa sababu kila siku nakutana na watu wanaokuja na baiskeli wakitazamana na magari, wakiamini ni salama zaidi kwa vile wanaliona gari linalokuja. Ushauri huo ni wa mtembea kwa miguu, ambaye anaweza kusimama papo hapo au kuruka pembeni. Kwenye baiskeli hesabu inageuka. Gari likiwa na kilomita 50 kwa saa na wewe 15, mkielekea upande mmoja linakusogelea kwa tofauti ya 35. Mkitazamana, kasi zinajumlishwa: 65. Likiwa mita 50 kutoka ulipo, katika hali ya kwanza dereva ana sekunde tano za kukuona, kupunguza na kukwepa. Katika hali ya pili hana hata tatu. Isitoshe, dereva anayetoka barabara ya mtaa kuingia kushoto anaangalia kulia, magari yanakotoka. Wewe unamtokea upande ambao hautazami.

Kama barabara ina bega pana lenye lami nzuri, au njia ya baiskeli, itumie. Mradi wa mwendokasi ulipoanza kazi mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za pembeni za baiskeli, na pale ambapo hazijazibwa na meza za biashara au pikipiki zilizoegeshwa ni raha kuzipita. Njia yenyewe ya mabasi ya mwendokasi usiiguse, hata iwe tupu kiasi gani. Mabasi yale yanakuja kwa kasi, na dereva wake hatarajii kukuta baiskeli.

Pasipo na bega, usijibane ukingoni. Kaa karibu mita moja kutoka mwisho wa lami. Najua inatisha mwanzoni, na mara nyingine utapigiwa honi. Lakini ukingoni kabisa ndiko kuna mchanga, lami iliyomegeka na mifuniko ya mitaro. Ukiendesha pale utalazimika kukwepa ghafla, na kukwepa ghafla ndiko kunakotutia chini ya magari. Pia ukijibana sana unamwambia dereva, bila kutamka, kwamba pana nafasi ya kukupita bila kuhama njia yake. Atapita, na kioo chake kitakugusa kiwiko.

Nyoosha mwendo wako. Ukiona magari yameegeshwa pembeni na kuacha nafasi kati yao, usiingie humo na kuchomoza tena. Endelea kwenye mstari wako, uonekane wakati wote.

Kwa dereva: ukimkuta mtu wa baiskeli mita moja ndani ya lami, hajakufanyia jeuri. Yuko mahali pake. Na bega la barabara halikuwekwa ili utanue foleni ikiwa ndefu. Anayetanua kwa kilomita 40 kwa saa anaingia mahali ambapo watu wa baiskeli na wanafunzi wamekimbilia kwa usalama, na hawana pengine pa kwenda zaidi ya mtaroni.

Hatua ya 3: Kuovateki baiskeli

Hapa nitakaa kidogo.

Madereva wengi hupima kwa jicho: naona natosha, napita. Pima kwa mita. Njia moja ya barabara zetu kuu ina upana wa mita tatu na robo hivi, au tatu na nusu. Lori, bila hata kuhesabu vioo vyake, linachukua karibu mbili na nusu. Mtu wa baiskeli, akikaa anapotakiwa kukaa, amechukua zaidi ya moja. Tayari njia imejaa na bado hujaacha hata hewa kati yenu. Maana yake hakuna lori wala basi linaloweza kumpita mtu wa baiskeli kwa usalama huku likibaki kwenye njia ileile. Lazima uhamie njia ya pili, kama unavyohama ukipita gari lenzako. Kama njia ya pili ina gari linalokuja, unasubiri nyuma.

Umbali wa kuacha ni mita moja na nusu kwa uchache, na zaidi nje ya mji. Ujerumani waliandika kipimo hicho kwenye sheria mwaka 2020: mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Sina utepe wa kupimia nikiwa barabarani, kwa hiyo natumia kipimo changu: mtu huyu akianguka sasa hivi kuelekea kwangu, kichwa chake kitafika kwenye tairi langu? Kama kitafika, sipiti.

Mambo ya kufanya, kwa mpangilio wake:

1. Ukimwona mbele, toa mguu kwenye mafuta. Usimfikie kwanza ndipo uamue.
2. Tazama alipo na kilicho mbele yake: shimo, dimbwi, mtu anayevuka, kona. Chochote kinachoweza kumfanya akwepe, kichukulie kwamba kitamfanya akwepe.
3. Angalia vioo, washa endiketa ya kulia, hama kabisa.
4. Mpite bila kukanyaga mafuta kwa fujo, na usirudi kushoto mpaka umwone mzima mzima kwenye kioo chako cha kushoto. Wengi hukosea hapa. Kichwa cha gari kimempita, dereva anasahau kwamba nyuma kuna bodi ya mita sita, au tela lenye urefu mara mbili ya hapo.

Honi ipigwe mapema na kwa ufupi, ukiwa mbali, kama kumwambia mtu hodi. Honi ya upepo ikilipuliwa sikioni mwa mtu mwenye gunia mbili za mkaa kwenye keria inamfanya ashtuke, na kushtuka kwake ni kuyumba. Wale wanaoshuka na mkaa kutoka Mkuranga na Kisarawe hawawezi kusimama wala kukwepa kama mtu mwenye baiskeli tupu. Mzigo wao una mwendo wake. Wakishaanza kuyumba huwa wanapigania wasianguke, hawana mkono wa kukupisha.

Kuna na upepo. Lori likipita kwa kasi, hewa inayosukumwa na pua yake inampiga mtu wa baiskeli kwenda nje, kisha ubavu ukishapita hewa inamvuta ndani, kuelekea matairi ya nyuma. Nimevutwa hivyo zaidi ya mara moja kwenye njia ya kusini. Dawa upande wa dereva ni nafasi na mwendo mdogo. Upande wa pedeli: ukisikia lori linakuja, shika usukani kwa mikono miwili, lainisha viwiko, acha kupiga pedeli kwa nguvu, na utegemee msukumo wa kwanza na mvuto wa pili.

Kuhusu mwendo, sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na 80 kwa mabasi na magari ya mizigo ya zaidi ya tani tatu na nusu kwenye barabara kuu. Tunapunguza tukijua kuna trafiki mwenye tochi, tukishampita tunafungulia. Fikiria hivi: kwa kilomita 50 gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, kisha breki: utasimama baada ya mita 28 hivi, kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 ni mita 50 na ushee. Lori lililoshiba mzigo linahitaji zaidi ya hapo. Zile alama za 50 vijijini zimewekwa kwa sababu pale ndipo mtoto anapotokeza na baiskeli ya baba yake, miguu haifiki chini.

Hatua ya 4: Kona ya kushoto na kituo cha daladala

Mjini, kama kuna mahali ninapopahofia kuliko pote, ni hapa. Gari linampita mtu wa baiskeli, kisha papo hapo linakata kushoto mbele yake, au linaingia kituoni kushusha abiria. Yeye anabaki amebanwa kati ya ubavu wa gari na ukingo wa barabara.

Dereva, kanuni ni nyepesi: kama kona au kituo kiko karibu, usimpite mtu wa baiskeli. Kaa nyuma yake. Utapoteza sekunde tano. Madereva wa daladala wataniambia abiria anapungwa mkono na gari la nyuma litamchukua. Najua, nimekaa kwenye siti hizo. Lakini kuchomekea mbele ya baiskeli ili uwahi abiria mmoja ni kamari unayocheza kwa mwili wa mtu mwingine.

Ukikata kona na gari refu, kumbuka matairi ya nyuma hayafuati alama za matairi ya mbele. Yanakatia ndani. Kichwa kinaweza kumwacha mtu salama, na matairi ya nyuma yakamfuata alipo.

Mwenye baiskeli, usijipenyeze kushoto kwa lori lililosimama kwenye taa, hata nafasi iwe pana kama uwanja. Chini ya dirisha la kushoto la lori kuna eneo ambalo dereva haoni kitu chochote, si kwenye kioo wala kupitia kioo cha mbele. Nakuambia kama mtu ninayekaa juu huko: ukiwa pale, haupo. Simama nyuma ya lori, au mbele kabisa, mita tatu au nne, ambapo dereva anaona kichwa chako. Jaribio la haraka: tafuta uso wa dereva kwenye kioo chake. Kama humwoni, naye hakuoni.

Daladala ikiwa kituoni, usiipite kwa kushoto. Hapo ndipo mlango unapofunguka na abiria wanaruka. Angalia nyuma, toa mkono wa kulia, uipite kwa kulia kukiwa wazi. Kama hakuko wazi, subiri.

Hatua ya 5: Kulia, na kipilefti

Kukata kulia kwenye barabara ya njia nne si lazima ukufanye kama gari. Shuka, sukuma baiskeli hadi kwenye kivuko cha watembea kwa miguu, vuka kwa miguu, panda tena. Hakuna aibu. Kwenye barabara ndogo: angalia nyuma mapema, nyoosha mkono wa kulia wote, usogee katikati ya barabara kwa hatua, rudisha mikono miwili kwenye usukani, kisha ukate. Mkono unaonyesha nia tu, haukupi haki ya kuingia. Subiri uone gari la nyuma limepunguza.

Kwenye kipilefti, magari yanayotoka upande wako wa kulia ndiyo yenye nafasi. Ukishaingia, kaa katikati ya njia yako, usijibane pembeni, kwa sababu anayetoka kipilefti atakukata kushoto bila kukuona. Ukitoka salama, rudi kwenye mstari wako. Na dereva unayesubiri kuingia: baiskeli iliyo ndani ya kipilefti ni chombo kama vingine. Kama ungelisubiri gari, isubiri.

Hatua ya 6: Milango

Mlango wa gari ukifunguliwa wote unachomoza karibu mita moja. Pita nje ya mita hiyo, na uchungulie ndani ya magari yaliyoegeshwa: kichwa kikionekana kwenye siti ya dereva, tegemea mlango. Dereva naye azoee kufungua kwa mkono wa kushoto. Ukiuvusha mkono huo kifuani ufikie kitasa, mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma. Abiria wa teksi wakumbushwe pia.

Hatua ya 7: Giza na mvua

Baiskeli bila taa saa moja na nusu usiku haionekani. Mwenyewe unaona njia vizuri kwa mwanga wa maduka, unaamini na wengine wanakuona. Nikiwa kwenye Fuso, na taa kubwa za gari linalokuja zimenipiga usoni, nguo nyeusi juu ya lami nyeusi siioni mpaka nimeikaribia mno.

Weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Dainamo ya zamani ni nzuri, ila ukisimama nayo inazimika, kwa hiyo ongeza reflekta nyekundu nyuma na za rangi ya chungwa kwenye pedeli. Reflekta za pedeli zinapanda na kushuka, na dereva akiziona anajua mara moja kwamba hiyo ni baiskeli. Kizibao cha reflekta, kile cha bodaboda, kinafaa sana. Kama umebeba mzigo mpana, bandika stika za reflekta kwenye kingo zake mbili ili dereva ajue upana wako.

Dereva, punguza taa kubwa ukikutana na baiskeli kama unavyopunguza kwa gari lenzako. Ukimpofusha ataingia shimoni au mbele yako. Siku ya mvua usipite dimbwi kwa kasi ukiwa ubavuni mwa mtu. Maji ya matope usoni ni upofu wa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo gari jingine liko nyuma yako.

Hatua ya 8: Ikitokea wamegongana

Dereva, simama. Sheria inakutaka usimame, umsaidie majeruhi na utoe taarifa polisi. Kama eneo lina hatari ya watu kukuvamia, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, lakini uende kweli.

Mtume mtu mita 50 au zaidi nyuma na pembetatu au matawi ya miti, ili magari yanayokuja yapunguze. Piga 112. Majeruhi asivutwe wala kukalishwa, isipokuwa kuna moto au magari hayazuiliki. Shingo iliyoumia inaweza kuharibika zaidi mikononi mwa wasamaria wema. Panapovuja damu pabanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe maji.

Majeruhi mahututi apelekwe hospitali kwanza, na mtu mwingine afuatilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kwa wakati huohuo. Piga picha namba ya gari, baiskeli ilipolala, na alama za breki kwenye lami kabla hazijafutika. Andika namba za simu za mashahidi wawili au watatu wakiwa bado hawajatawanyika.

Na jambo ambalo watu wengi wa baiskeli hawalijui, wanarudi nyumbani na mguu uliofungwa bandeji na deni la hospitali: hata ile bima ndogo ya gari, ambayo kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa nayo kisheria, ipo kwa ajili ya mtu wa nje aliyeumizwa na gari hilo. Wewe uliyegongwa ndiye mtu huyo wa nje. Kwa namba ya gari unaweza kuhakiki bima hiyo kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na kujua kampuni iliyoitoa. Kwa hiyo usikubali kumalizana pale pale kwa elfu hamsini na soda, ukiwa bado una joto la ajali na huyasikii maumivu. Chukua taarifa ya polisi, PF3 na risiti za matibabu, uziweke kwenye bahasha moja, na uende nazo kwenye ofisi ya kampuni hiyo ya bima.